Lau Wangalivuka: Sinema ya Waingereza Ikitazamwa kutoka Mrima

Sinema iitwayo It Happened Here, kazi ya Kevin Brownlow na Andrew Mollo, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 1964, yatokana na swali moja: Uingereza ingalikuwaje lau Wajerumani wangalivuka bahari mwaka 1940 na kuitawala? Watungaji walianza mwaka 1956, mmoja akiwa na umri wa miaka 18 na mwenziwe 16, wakatumia miaka minane na fedha haba. Sinema waliivika sura ya taarifa ya kweli: picha zisizo na rangi, watu wasio waigizaji, hata sinema ya habari ya kubuni ndani ya sinema yenyewe. Mtazamaji husahau kwamba askari wa Kijerumani hawakupata kupiga gwaride London.

Msomaji wa Zinga au Bagamoyo hahitaji kubuni. Kwake jambo hili ni la -li-, si la -ngali-. Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikabidhi kampuni ya Kijerumani usimamizi wa pwani, toka Umba hadi Ruvuma. Kabla ya mwaka kwisha Mrima ulikuwa vitani. Tarehe 8 Mei 1889 Wissmann aliivunja ngome ya Bushiri bin Salim karibu na Bagamoyo, na Desemba Bushiri akanyongwa Pangani. Vita hivyo ndivyo alivyovitungia Hemedi bin Abdallah el-Buhriy Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliochapwa mwaka 1955 pamoja na tafsiri ya J. W. T. Allen.

Yafaa kazi hizi mbili zisomwe pamoja, kwani ile ya kubuni ina mtu ambaye ile ya kweli haina. Mtu huyo ni Pauline, mwuguzi. Si mwovu, wala hampendi Mjerumani. Amechoshwa na fujo, ataka kazi na utulivu, na kazi haipatikani ila kwa kuvaa sare ya chama. Avaa. Mwishowe apelekwa katika hospitali ya shamba, awadunga sindano wafanyakazi wa kigeni wenye kifua kikuu, na asubuhi agundua kwamba amewaua. Hakulazimishwa kwa bunduki. Alifanya kazi yake vizuri, basi.

Utenzi wa Hemedi hauna Pauline. Umerithi desturi ya tendi za vita vya dini, ambamo upande mmoja ni Waislamu na wa pili makafiri, na mshairi hana shaka yu upande gani. Hilo ndilo nguvu yake. Walakini jeshi la Wissmann lilijaa Wasudani walioandikwa Misri, watu wa Msumbiji na askari Waswahili. Na utawala uliofuata ulisimama juu ya maliwali, maakida na majumbe. Aliyeandika daftari la kodi ya nyumba alikuwa jirani. Bushiri ana utenzi. Karani huyo je?

Sinema nayo ina dosari, tena si ndogo. Watungaji waliwaweka mafashisti halisi wa Kiingereza mbele ya kamera, wakaeleza itikadi yao bila kujibiwa; malalamiko yakazuka, na kipande hicho kikakatwa kabla ya sinema kuenezwa, kikarudishwa miaka mingi baadaye. Kusema kwamba taarifa hujihukumu yenyewe ni kuiamini taarifa kupita kiasi. Hapa Mrima hakuna sababu ya kuiamini hivyo: picha na ripoti za miaka ile aghalabu zilitengenezwa na mshindi.

Wala haikuishia hapo. Mwaka 1941 Wajerumani walitoa sinema ya Carl Peters, uwongo uliojidai kuwa historia ya nchi hii. Ndani yake aliigiza Mahjub bin Adam, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, aliyekuwa askari akingali mtoto katika vita vya 1914, kisha akafundisha Kiswahili Berlin. Alikamatwa mwaka uleule, akafa kambini Sachsenhausen mwaka 1944. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Afterlives (2020), yamkaribia sana mtu wa namna hiyo. Na mwaka 2013 Eva Knopf alivikusanya vipande vya sinema alizoigiza Mahjub, ambamo mara nyingi yuko nyuma ya wengine, akihudumu, akavifanyia sinema ya kweli ambamo yeye ndiye anayetazamwa.