Fundi Asiyebahatisha

Katika gereji zetu nyingi fundi hulipwa kwa kile anachokifunga. Mwenye gari hulipia relei mpya, sensa mpya, hata feni nzima ya mtumba kutoka Gerezani ya Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga ya Nairobi, kwa sababu kitu hicho anakiona na kukishika. Muda ambao fundi ameinama chini ya boneti na testa mkononi, akigusa waya huu na kuuacha ule, huhesabiwa kuwa maandalizi tu, na wapo wanaouona kuwa ni kujivuta. Mimi nashikilia kwamba muda huo ndio kazi yenyewe, na kufunga kipuri ni hatua yake ya mwisho. Kulithibitisha hilo hakuhitaji mtambo mkubwa. Feni ya umeme inayopoza rejeta, pamoja na nyaya zake chache, inatosha.

Kazi huanza kabla ya waya wowote kuguswa. Gari likienda kasi barabarani, upepo wenyewe hupita kwenye rejeta na kuyapoza maji, hata kama feni imekufa. Feni huhitajika gari linaposimama au kutambaa, kama katika foleni ya Ubungo au ya kivuko cha Likoni. Kwa hiyo gari linalochemsha foleni tu, kisha mshale wa joto ukashuka mara likishika barabara wazi, limekwisha kueleza mengi juu ya ugonjwa wake. Lile linalochemsha likiwa mwendoni, ama likipanda mlima wa Kitonga na mzigo, linaelekeza kwingine: thamostati iliyokwama, rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka. Fundi mzuri huuliza kwanza gari linachemsha wakati gani. Kisha huwasha kiyoyozi na kutega sikio, kwa kuwa katika magari mengi kiyoyozi nacho huiita feni ileile. Ikizunguka kwa kiyoyozi lakini isizunguke kwa joto la maji, basi mota, kaboni zake na waya wake wa erthi vimeonyesha kuwa ni vizima, na kinachobaki kushukiwa ni ile njia ya joto peke yake. Jaribio hilo halikugharimu hata shilingi, na limeondoa nusu ya uwezekano.

Kuondoa nusu kwa kila hatua ndiyo siri ya ufundi huu. Feni ina njia mbili za umeme zinazokutana kwenye relei. Njia ya kwanza ni nene: inatoka kwenye betri, inapita kwenye fyuzi kubwa, inafika kwenye mota na kurudi kupitia bodi ya gari, na inaweza kubeba ampea 20 au zaidi. Ya pili ni nyembamba: ni njia ya amri, inayopita kwenye koili ya relei na kuishia kwenye swichi ya joto au kompyuta ya gari, nayo kwa kawaida haifikishi hata robo ya ampea. Katika relei nyingi pini zimeandikwa namba: 30 na 87 ni za njia nene, 85 na 86 ni za amri. Fundi anayejua hili hasimami kwenye ncha yoyote ya mfumo. Husimama katikati. Huing'oa relei na kuunganisha 30 na 87 kwa kipande cha waya chenye fyuzi. Feni ikizunguka, njia nene yote imesafika kwa pigo moja, na msako unahamia kwenye relei na upande wa amri. Isipozunguka, upande wa amri unaachwa kwanza. Mwenzake anayebadilisha vipuri kwa zamu anaweza kufika kwenye jibu lilelile, lakini atakuwa amefika kwa bahati, na gari likirudi na tatizo jingine atalazimika kuitegemea bahati hiyo tena.

Namba za pini pekee hazitoshi, kwa kuwa kila mfumo una mantiki yake. Toyota nyingi za miaka ya 1990, zikiwemo Corolla ambazo bado zinatembea katika miji yetu, zinalionyesha hili vizuri. Mtu angetarajia swichi ya joto iunganishe umeme maji yakichemka. Katika magari hayo hufanya kinyume. Maji yakiwa ya baridi swichi imeunganisha njia, koili ya relei inapata umeme, na relei hiyo, ambayo hugusanisha ikiwa imelala, huvutwa na kuizuia feni. Joto likifika karibu nyuzi 93 swichi huachia, koili hukosa umeme, relei hulala na feni huwaka. Maji yakishuka chini ya nyuzi 83 hivi, swichi huunganisha tena na feni husimama. Waliobuni mpango huu walijiuliza swali la busara: waya wa swichi ukikatika, ni afadhali itokee nini? Wakachagua feni izunguke bila kukoma kuliko injini iungue. Sasa mfikirie fundi asiyeyajua haya. Anachomoa soketi ya swichi, feni inawaka, naye anatangaza kwamba swichi ni mbovu, ilhali gari limefanya kile lilichoagizwa. Au anauchukua waya huo na kuugusisha kwenye bodi, kama alivyozoea katika magari ya aina nyingine, feni inabaki kimya, na yeye anaihukumu mota nzima. Amepima kweli, lakini amekisoma kipimo kwa kanuni ya gari jingine.

Kipimo chenyewe nacho kina mitego. Georg Ohm alichapisha mwaka 1827 kanuni inayohusisha volti, mkondo na upinzani, na hadi leo kanuni hiyo ndiyo inayowatenganisha wanaopima na wanaobahatisha. Chukua soketi ya feni iliyoingia maji mpaka pini zake zikaota ukungu wa kijani, au waya ambao nyuzi zake zote zimekatika ndani ya ganda isipokuwa mmoja. Weka mita: inasoma volti 12. Fundi wa haraka husema umeme umefika, kwa hiyo mota imekufa. Lakini mita haivuti mkondo wa maana, na uzi mmoja wa shaba unatosha kuionyesha volti 12 kamili. Mota ikitaka ampea zake, uzi huo haupitishi. Kiungo chenye upinzani wa moja ya kumi ya omu, upinzani ambao mita za bei rahisi zinashindwa kuutofautisha na sifuri, kikipitisha ampea 20 hula volti 2 na kutoa wati 40 za joto ndani ya soketi ndogo ya plastiki. Ndiyo sababu soketi za feni huonekana zimeyeyuka. Fundi anayeelewa hupima mzigo ukiwepo. Huunganisha balbu ya zamani ya taa kubwa mahali pa mota aone kama itawaka kwa nguvu zake zote. Au huweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye waya wa erthi wa feni wakati feni imeagizwa kuzunguka. Akisoma karibu na sifuri, erthi ni nzima. Akisoma volti mbili au tatu, amemkamata mhalifu bila kufungua bolti hata moja.

Wapo watakaosema haya ni maringo ya kitaalamu: mteja ana haraka, pesa hana, na feni inaweza kuunganishwa moja kwa moja na swichi ya ufunguo, izunguke muda wote injini inapowaka. Dharura ina haki yake. Usiku, njiani, waya wa muda wenye fyuzi unaweza kuiokoa injini, na hedi ya alumini iliyopinda kwa joto ni gharama isiyolinganishwa na waya. Ubaya ni dharura hiyo kugeuzwa kuwa matengenezo. Njia ya swichi ya ufunguo mara nyingi haikukusudiwa kubeba mzigo wa feni, kaboni za mota zinaisha upesi, na, kubwa zaidi, chanzo kimefukiwa. Kama fyuzi ilikuwa inaungua kwa sababu mota imeanza kukwama na kuvuta mkondo kupita kiasi, waya mnene usio na fyuzi umekiondoa kizuizi pekee kilichosimama kati ya mota hiyo na moto. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Wengine watasema kompyuta imeumaliza mjadala: chomeka mashine, soma kodi, badilisha kilichotajwa. Mashine hiyo ni msaada mkubwa na fundi wa leo asiyeitumia anajinyima. Lakini kodi P0480, kwa mfano, inasema kuna kasoro katika njia ya amri ya feni ya kwanza. Haisemi kama ni relei, ni waya uliosuguliwa na chuma, au ni pini iliyolegea. Imetaja mtaa, nyumba haikuitaja. Hoja ya kwamba vipuri vya mtumba ni rahisi kuliko muda wa fundi nayo haisimami ukipiga hesabu yote. Relei isiyohitajika, sensa isiyohitajika na feni isiyohitajika zina bei yake, na waya wenye kutu unabaki palepale ukisubiri foleni ijayo.

Ninachokisifu katika ufundi huu, basi, ni nidhamu ya kutokitia hatiani kitu chochote kabla ya ushahidi, na ya kuupa kila ushahidi uzito wake. Nidhamu hiyo haiwezi kudumu kwa sifa tupu iwapo malipo yanaifuata spea peke yake. Tukimlipa fundi kwa kufunga, tunamfundisha kufunga hata pasipohitajika, kisha tunamlaumu kwa hilo. Mafundi na wenye magari wakubaliane bei ya uchunguzi kabla boneti haijafunguliwa, na ilipwe hata kama kilichopatikana ni pini ya kusafishwa tu. Na mwenye gari asiyejua lolote kuhusu umeme ana haki ya kuuliza, kwa heshima, kabla ya kutoa pesa ya kipuri: umepimaje? Fundi wa kweli atafurahi kuulizwa, kwa kuwa jibu lake ndilo bidhaa bora aliyonayo.