Mtoto Aliyeitwa Taka

Mvua ilianza saa moja jioni, ile ya radi inayoshuka kutoka Meru na kutikisa mabati yote ya Sakina. Binti wa kaka yangu, miaka saba, akahamia kwangu kwenye kochi. Nikamwekea *Mufasa: The Lion King*, filamu ya Barry Jenkins ya Desemba 2024, kwa kuwa nayo ina mtoto anayeogopa radi: Kiara, binti wa Simba, anayesimuliwa na Rafiki habari za babu yake.

Arusha simba wamechorwa kwenye vinyago, vibao vya hoteli na milango ya magari ya watalii, ingawa hifadhi iliyopo hapa mlimani haina hata mmoja. Tunawajua kwa hadithi kama watoto wengine wote, ila sisi tunaelewa majina yao. Pumbaa amepumbaa. Sarabi ni mazigazi. Na mtoto wa mfalme, anayempokea Mufasa yatima na kumwita ndugu, anaitwa Taka.

"Shangazi, mama yake alimwita Taka kweli?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Kwa mtoto wa Kiswahili, siri ya filamu imevuja mapema: mwenye jina la jalalani ataishia jalalani.

Huko Marekani filamu hii ina alama ya PG, yaani mzazi awe karibu, kwa sababu ya mapigano. Lakini mapigano hayakumsumbua. Hadithi za bibi zetu zina mazimwi wanaomeza kijiji kizima, na watoto hulala vizuri tu. Kilichomsumbua ni usimulizi. Kila simulizi inapoanza kuuma, Timon na Pumbaa wanaingilia kwa mzaha, kana kwamba mtoto hawezi kukaa na huzuni dakika mbili. Bibi hakukatiza hivyo. Alishusha sauti, akatuacha tuogope tukiwa tumeegemea magoti yake.

Udhaifu mkubwa zaidi ni sababu ya usaliti. Taka anamgeuka Mufasa kwa wivu wa Sarabi, jambo ambalo mtoto wa miaka saba halijali. Sababu anayoielewa ilikuwepo tangu mapema: mama yake aliposhambuliwa, Taka aliogopa akakimbia, na Mufasa ndiye aliyebaki kumwokoa. Baba yake naye alikuwa amemfundisha kuwa udanganyifu ni silaha ya mfalme. Aibu ya mwoga, mbele ya ndugu asiyeogopa: hapo ndipo filamu ingekaa. Inapita mbio.

Mimi nililelewa kwa mama mdogo. Mwanawe, rika langu, alinigawia nusu ya kitanda chake, kisha nikaanza kumshinda darasani. Siku hizi tunasalimiana misibani tu. Kwa hiyo mwisho ulinikaa vibaya: Mufasa anamruhusu Taka abaki, lakini anaapa kutolitamka jina lake tena. Filamu inataka tuuone huo kuwa ni ukuu.

Mtoto hakuuona. "Si angemuuliza kwanza kama bado anaogopa?"

Waonyesheni watoto filamu hii. Picha zake ni nzuri na mashaka yake ni ya kweli. Ila msiende jikoni. Kuna swali litaulizwa, na filamu haina jibu lake.

Mimi pia sikuwa nalo. Mvua ilikuwa bado inapiga mabati, nikamfunika blanketi.