Ndimu Haiendi Motoni

Mpishi wa kamba hujulikana kwa mkono wake wa ndimu. Mambo mengine yana msamaha. Kitunguu kikiungua kidogo, mchuzi bado unalika. Pilipili ikipungua, mlaji ataongeza mwenyewe. Lakini ndimu ikitiwa wakati chungu kingali kinatokota, tui linakatika, harufu yake nzuri inapaa na moshi, na kinachobaki ni ukali mtupu.

Nilipata kukaa jikoni kwa mama mmoja wa Bagamoyo, mpishi wa harusi na shughuli tangu ujana wake, akiandaa chakula cha jioni cha watu wa nyumbani tu. Kamba walikuwa wa asubuhi ile. Aliwamenya upesi, akautoa ule uzi mweusi wa mgongoni, wala hakutupa vichwa. Vichwa ndivyo vyenye mafuta mekundu, na mafuta hayo ndiyo utamu wenyewe. Aliviponda, akavichemsha kwa maji machache na tangawizi, akavichuja. Kitunguu, saumu na pilipili mbuzi vilipolainika, yakaingia maji yale ya vichwa, kisha tui jepesi, kisha tui zito. Kamba walikuja mwisho kabisa. Walipojikunja na kuiva wekundu, akaepua pale pale, maana kamba akicheleweshwa motoni huwa mgumu na hana ladha tena.

Ndipo akanyoosha mkono kwenye ndimu.

Alikuwa amezichuma mwenyewe uani, ndogo, ganda jembamba, nyingine zimeanza kugeuka manjano. Aliiviringisha moja chini ya kiganja, akiigandamiza, mpaka ikalegea. Hakuikata katikati. Alipitisha kisu pembeni mwa kiini, mbegu zikabaki zilipo, akakamua taratibu bila kuliminya ganda, kwa kuwa ganda likiminywa sana hutoa uchungu wake. Akakoroga mara moja, akadondosha mchuzi kiganjani, akaonja, akafunika. Nikamuuliza kwa nini hakuikamulia chungu kikiwa bado motoni. “Ndimu haiendi motoni, mwanangu,” alisema. “Moto umeshamaliza kazi yake.”

Wapo wanaopenda ukwaju, nami siwabezi. Ukwaju huvumilia moto. Hulowekwa, huchujwa, ukachemka na mchuzi mpaka ukakolea. Embe mbichi vilevile. Lakini hivyo ni vitu vya subira. Ndimu inataka mtu anayejua kusimama mahali panapotosha, na kipimo hicho hakikuandikwa popote. Kilipita kwa mama kumwita binti yake, “Njoo uonje,” jioni baada ya jioni.

Ndimu yenyewe ilivuka bahari kutoka Asia, ikapokelewa uani kwetu hadi ikawa mwenyeji. Kamba ni wa hapa hapa. Huzaliwa baharini, lakini utoto wao hupita mikokoni, kwenye maji ya chumvi yaliyochanganyika na ya mto; ndiyo maana delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mahali pengine popote pwani ya Tanzania, ndiyo ghala letu la kamba. Mkoko ukikatwa kwa mkaa na boriti, kamba amekosa malezi. Halafu zikaja meli za kukokota nyavu, zikakwangua sakafu ya bahari, zikibeba kamba na kutupa samaki wadogo waliokwisha kufa, mpaka wavuvi wa mitumbwi wakapiga kelele. Kenya ilizizuia mwaka 2006 na Tanzania ikafuata mwaka 2007, kamba wakiwa wameshapungua. Na walio wakubwa, hadi leo, huondoka ufukweni ndani ya barafu kwenda hotelini na ng’ambo. Mama wa nyumbani huchagua katika waliobaki.

Hilo la bahari linasemwa na wengi. La jikoni halisemwi. Siku hizi kamba hutolewa kwenye barafu wameshakatwa vichwa, wanachemshwa mpaka wanakuwa kama mpira, kisha wanamiminiwa siki au maji makali ya chupa yaliyoandikwa limau. Kuna watoto wa pwani, pwani hii hii, wanaojua uchachu huo tu. Ukiwawekea mchuzi uliokamuliwa ndimu ya mtini wanashangaa harufu yake.

Nayo miti inakwisha. Mwenye nyumba akitaka kuongeza vyumba vya kupangisha, mdimu huwa wa kwanza kuanguka: una miiba, kivuli chake hakitoshi kutandikia mkeka, na sokoni ndimu zipo. Mwembe huombewa, mnazi huhesabiwa na kulipwa fidia ya maana. Mdimu hukatwa asubuhi, mchana watu wanamwaga zege, na hakuna jirani anayeuliza. Mimi naulilia, na namlilia binti atakayerithi chungu cha mama yake katika ua wa saruji, asijue mama alikuwa akinyoosha mkono wapi baada ya kuepua.