Usahihishaji wa Insha za Maelezo

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza huko Moshi akitakiwa aeleze jinsi mfongo, yaani mfereji wa jadi wa Wachaga, unavyofikisha maji vihambani, kazi yake si kupamba maneno. Yampasa aonyeshe maji yatokako, yaelekezwavyo, na zamu za watumiaji zifuatanavyo. Huenda akateleza katika tahajia, maana nyumbani husemwa Kichaga. Msahihishaji ahesabuye makosa hayo tu humdhulumu. Naye atuzaye methali zilizopachikwa humpotosha. Kipimo cha haki ni hiki: je, msomaji wa Pwani, asiyepata kuuona mfongo, ataelewa? Sarufi na ipewe alama zake, lakini mpangilio wa mawazo utangulie, kwani ndio maelezo yenyewe.