Kijiko cha Fedha katika Glasi ya Maji ya Makutupora

Anayeuza kijiko cha kale na kukiita fedha ya Kiingereza anatoa madai mawili kwa mkupuo: kwamba kimefuliwa kwa fedha halisi, na kwamba kilitoka Uingereza zamani. Dodoma na viunga vyake, madai hayo si ya kupuuzwa. Wamisionari wa Kiingereza wa shirika la CMS waliweka kituo Mpwapwa miaka ya 1870. Kuanzia 1947 mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulileta Kongwa mamia ya Waingereza na familia zao, hata ikafunguliwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 36. Hata hivyo, fundi wa matrekta hakuja Ugogo na fedha za ukoo. Kijiko chenye asili ya Kongwa kina uwezekano mkubwa wa kuwa kimepakwa fedha tu, na mnunuzi aanze na shaka hiyo.

Macho ndiyo ya kwanza kufanya kazi. Kiwango cha Uingereza ni sehemu 925 za fedha tupu katika kila 1,000. Zinazobaki kwa kawaida ni shaba, maana fedha tupu ni laini mno kwa chombo cha kila siku. Chombo kilichopasishwa na ofisi ya upimaji kiligongwa mihuri midogo: simba anayetembea, aliyeanza London mwaka 1544, alama ya mji, yaani kichwa cha chui kwa London, nanga kwa Birmingham, taji kwa Sheffield hadi 1974, herufi ya mwaka, na herufi za jina la fundi. Kati ya 1784 na 1890 iliongezwa sura ya mfalme au malkia kuonyesha kwamba kodi imelipwa.

Herufi ya mwaka huwaponza wengi. London ilitumia herufi 20 kisha ikaanza upya, kwa hiyo B moja inaweza kuwa ya karne ya 18, ya 19 au ya 20. Kinachoamua ni mwandiko wa herufi na umbo la ngao inayoizunguka. Mahali pa mihuri napo pana habari: kabla ya miaka ya 1780 iligongwa chini ya mpini, karibu na bakuli la kijiko, ambako mpini ni mwembamba na pigo la nyundo liliuponda na kuvuruga alama. Baadaye ikahamishiwa juu, kwenye upana.

Mwaka 1840 Elkington wa Birmingham walipata hataza ya kupaka fedha kwa umeme. Chini ya utando huo mara nyingi kuna mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli usio na fedha hata chembe. Viwanda vilivigonga vijiko vya aina hiyo herufi EPNS, mara nyingi kila herufi ndani ya ngao yake, zote zikiwa zimejipanga mstari mmoja. Kwa asiye na lenzi zinafanana kabisa na mihuri ya kweli, na ni vigumu kuamini kwamba mfanano huo ulitokea kwa bahati mbaya. Dawa yake ni kukigeuza kijiko. Mgongo wa bakuli, pale panapogusa meza, ndipo utando huisha mapema na rangi ya umanjano hujitokeza.

Sumaku, inayopendwa na wauzaji wa mitaani, haina msaada. Hainasi fedha, lakini hainasi shaba wala mchanganyiko huo wa nikeli pia.

Kipimo cha maana hakihitaji zaidi ya mizani ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, uzi, glasi ya maji na kanuni ya Archimedes ya kidato cha kwanza. Tuseme kijiko kina gramu 62.2. Glasi yenye maji inawekwa juu ya mizani, mizani inarudishwa sifuri, kisha kijiko kinaning'inizwa hadi kizame chote bila kugusa kuta wala kitako cha glasi. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Fedha ya 925 itaonyesha gramu 6.0 hivi, kwa sababu ni nzito kuliko maji mara 10.4, kijiko cha nikeli chenye uzito uleule kitaonyesha kama 7.1, maana chenyewe ni mara 8.7 tu. Viputo vya hewa vifutwe, la sivyo fedha halali itahukumiwa bure. Na chumvichumvi ya maji ya visima vya Makutupora, vinavyonywesha Dodoma? Haina neno. Gramu moja ya chumvi katika lita huongeza uzito wa maji kwa asilimia 0.1 au pungufu, wakati kosa la mizani yenyewe hapo linapita asilimia 1.

Lakini maji yana kikomo. Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, wakati rupia ya koloni lao ilikuwa sarafu ya gramu 11.66 yenye fedha sehemu 917 katika 1,000. Kijiko kilichofuliwa kwa rupia zilizoyeyushwa kingepita mtihani wa glasi bila tatizo, kwa kuwa tofauti ya 917 na 925 haionekani kwenye mizani ya jikoni. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyotoka 1921 ingeumbuka mara moja: fedha yake ilikuwa robo tu.

Hapo ndipo vifaa vya wataalamu huingia. Kipimo cha eksirei, kinachotumika kwa dhahabu katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, hutoa jibu kwa sekunde chache, ila kinaona ngozi ya nje tu. Utando mnene wa fedha unaweza kukihadaa. Moto hauhadaiki. Dodoma ndiyo makao makuu ya GST, taasisi ya jiolojia ambayo maabara yake hupima dhahabu kwa njia ya moto, na msingi wake ni uleule uliotumiwa na wapimaji wa London kwa karne nyingi. Ukwangu mdogo wa kijiko hufungwa kwenye karatasi ya risasi na kuwekwa katika kikombe cha majivu ya mifupa ndani ya tanuri kali. Risasi huungua, huivuta shaba, vyote hunywewa na kikombe. Inabaki punje ya fedha. Uzito wake ukigawanywa kwa uzito wa ukwangu, kiwango kinajulikana.

Kuna kijiko kimoja kinachopita vipimo vyote hivyo na bado kikauzwa kwa bei isiyo yake. Enzi za Malkia Victoria mafundi walichukua vijiko vitupu vya karne ya 18, wakavichonga matunda na majani, wakayapaka dhahabu mabakuli yake. Vingine vilichanwa meno vikawa uma. Fedha ni halali, na mihuri ni ya kweli. Mwenye lenzi hutazama pambo na mihuri vinapokutana: jani likikata muhuri, basi pambo lilikuja baadaye, na bei ya kijiko cha 1770 kisichoguswa haikihusu.