Fukusi wa Umalila si fukusi wa Kyela

Nyumba nyingi za vijijini Mbeya na Iringa hazina ghala la pembeni. Mahindi na maharage yanayovunwa kuanzia Juni hupangwa kwa magunia sebuleni au chumba cha kulala, kwa sababu huko ndiko kwenye kufuli. Watoto hulala ukuta mmoja na chakula cha mwaka mzima. Kwa hiyo anayetaka kupunguza sumu nyumbani katika Nyanda za Juu Kusini, akaanza na dawa ya choo na ya mende, ameanzia pembeni. Aanze na gunia. Kinachopakwa kwenye gunia hukaa ndani miezi kadhaa, hushikwa kwa mikono mitupu, kisha huliwa.

Niseme mapema kwamba sipingi kila dawa ya dukani. Dawa ya unga iliyozoeleka kwa mahindi, Actellic Super, huwekwa gramu 100 kwa gunia la kilo 100 hivi. Ndani yake mna viambato viwili: pirimifosi-methili asilimia 1.6 na permethrini asilimia 0.3. Ukipiga hesabu, kilo moja ya mahindi inabaki na miligramu 16 za cha kwanza na 3 za cha pili, nazo hupungua kadiri miezi inavyopita na nafaka inavyooshwa na kukobolewa. Hiyo ni hesabu ya mtu aliyesoma lebo. Anayepima kwa kiganja, akaongeza kiganja cha pili kwa kuwa mwaka jana wadudu hawakufa, au akanunua unga uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni usio na jina, hana hesabu yoyote mkononi.

Kinachonitia hofu zaidi ni vidonge vya gesi. Kidonge cha alumini fosfaidi chenye uzito wa gramu 3 kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gramu 1 ya fosfini, gesi nzito kidogo kuliko hewa na isiyo na dawa ya kuiondoa mwilini. Imetengenezwa kwa maghala yanayofungwa, yakafukizwa na mafundi wenye vifaa, kisha yakapitishiwa upepo kabla mtu hajaingia. Kuiweka kwenye gunia lililo chumba cha kulala ni kuwafukiza watu pamoja na fukusi. Kama kuna kitu kimoja cha kuondoa nyumbani leo kabla ya kingine chochote, ni hicho.

Sasa, kitu gani kinachukua nafasi yake? Hapa ndipo ushauri mwingi unapokosea. Watu huambiwa weka jivu, weka pilipili, weka majani ya utupa, basi. Anayejaribu anapata mafanikio mwaka huu, mwakani anakuta maharage yamebunguliwa yote, anarudi dukani akiwa na hasira. Dawa ya nyumbani haina lebo, hivyo mtumiaji mwenyewe lazima ajue inamnyima mdudu kitu gani: mahali pa kujishikiza, hewa, au uhai wa mishipa yake. Asipojua hilo, anabahatisha.

Tuchukue dumuzi mkubwa. Mdudu huyu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, akajulikana kwanza upande wa Tabora, na mwaka 1981 wataalamu walikuwa wamekwisha kumtambua. Wakulima wakambandika jina la Scania. Ushauri uliotolewa wakati ule ulikuwa na sehemu mbili: pukuchua mahindi, kisha changanya na dawa ya unga. Sehemu ya pili ndiyo iliyoshika vichwani, kwa kuwa ilikuwa na pakiti na bei. Ile ya kwanza haikuwa na gharama yoyote ila jasho, nayo ilikuwa na nguvu kubwa kuliko watu walivyodhani. Dumuzi anapotoboa anahitaji kujikaza dhidi ya kitu kisichotikisika. Punje iliyobanwa kwenye gunzi inampa egemeo hilo. Punje iliyolegea ndani ya gunia inamponyoka. Anayehifadhi mahindi na magunzi yake darini anampangishia dumuzi nyumba iliyokamilika.

Kwa maharage, jambo hili la egemeo linaonekana wazi zaidi, na hapo inabidi tuwatenganishe wadudu wawili ambao sokoni wote huitwa fukusi. Wa kwanza, Acanthoscelides obtectus, hupenda baridi. Ndiye wa milimani: Umalila, Uporoto, Kilolo, Mufindi. Anaanza kutaga shambani, kwenye maganda yanayokauka, na ghalani hutaga mayai yasiyonata, yakazagaa katikati ya punje. Mwingine ni Zabrotes subfasciatus, wa joto, anayestawi zaidi maeneo ya chini kama Kyela na Pawaga. Huyu hulibandika yai lake kwenye ngozi ya punje, likang'ang'ania kama gundi.

Tofauti hiyo ndogo inabadilisha kila kitu. Kiluwiluwi wa fukusi wa milimani akianguliwa anatambaa, anatafuta mahali punje mbili zinapokutana, anajikaza mgongo kwenye moja na kuitoboa nyingine. Kazi hiyo humchukua saa nyingi, na tundu analolichimba ndilo analotegemea. Ukizihamisha punje kabla hajaingia, anaanza upya, na nguvu zake zinamwishia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan waliupima ukweli huu mwaka 1991. Walijaza maharage nusu tu ya vyombo, mitungi, ndoo na magunia, wakaviviringisha mzunguko mmoja kila baada ya saa nane. Fukusi walipungua kwa karibu asilimia 97 wakilinganishwa na vyombo vilivyoachwa vimetulia. Hakukuwa na dawa yoyote ndani yake. Mama wa Umalila mwenye ndoo ya mbegu anaweza kufanya hivyo asubuhi, mchana na usiku kabla ya kulala, mradi ndoo isijae. Gunia lililojaa na kushonwa haliviringiki kwa ndani. Punje zinakaa palepale hata ukilipindua.

Mbinu hiyohiyo Kyela haifui dafu. Yai limeshabandikwa, na kiluwiluwi anatoboa moja kwa moja kutoka chini ya ganda la yai bila kutafuta egemeo jingine. Huko kinachofaa ni mafuta ya kula, na Iringa hatuna shida ya alizeti. Kipimo kilichothibitishwa tangu majaribio ya maharage ya miaka ya 1970 ni mililita 5 kwa kilo moja, yaani nusu lita kwa gunia la kilo 100. Mafuta yanaziba vinyweleo vya yai, likafa kwa kukosa hewa. Sharti ni kwamba kila punje ipate utando wake, kwa hiyo unachanganya kidogo kidogo kwenye beseni na kusugua kwa viganja mpaka maharage yote yang'ae. Kumwaga mafuta juu ya gunia na kulitikisa kunalowesha punje za juu na kuziacha nyingine zikiwa chakula.

Jivu linafanya kazi ya aina mbili. Linajaza nafasi kati ya punje hata mdudu asipate njia ya kupita wala mahali pa kupandana, na chembe zake zinakwangua utando wa nta ulio juu ya ngozi ya mdudu, akapoteza maji na kukauka. Kwa kazi zote mbili linatakiwa liwe kavu kabisa, limechekechwa, na liwe jingi: kiwango cha kuanzia ni karibu kilo 5 kwa kilo 100 za maharage. Viganja viwili juu ya gunia, kama wengi wanavyofanya, havijazi nafasi yoyote. Jivu liwe la kuni safi. La mbao zilizopakwa rangi au dawa, au la jiko lililochomewa plastiki, lina mabaki ambayo hutaki yafike kwenye sufuria. Na lisitegemewe kumzuia dumuzi kwenye mahindi. Kwake ni dhaifu.

Kwa familia yenye watoto, mimi ningeweka mbele njia ya kuwanyima wadudu hewa. Mfuko wa PICS una tabaka mbili za nailoni nzito ndani ya kiroba cha kawaida. Wadudu waliofungiwa humo wanaitumia oksijeni iliyobaki mpaka ipungue sana, wanaacha kula, na kwa kuwa maji yao mengi hutokana na kuvunja chakula mwilini, wanakufa kwa kiu. Wazo lilianzia kwenye kunde za Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani na wenzao wa huko. Usipopata mfuko, dumu la lita 20 la mafuta ya kula lililooshwa na kukaushwa linatosha: linaingia kilo 15 hivi za maharage. Lijaze mpaka shingoni ukiligongagonga chini ili hewa itoke, weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, kaza. Madumu matano ya hivyo ni bora kuliko pipa moja, kwa sababu kila unapofungua unawarudishia hewa. Dumu lililowahi kuwa na dawa ya shambani haliguswi, hata likioshwa mara mia.

Hewa ikifungwa na unyevu umefungwa. Julai ya Makete au Mufindi ina ukungu mpaka mchana, na mahindi yanayoonekana makavu kwa macho huwa bado mabichi kwa ndani. Kuna kipimo cha jikoni kisichokosea sana. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa, funga, tikisa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha mahindi kwenye turubai. Ikidondoka yote chini, fungasha. Mahindi mabichi ndani ya mfuko usiopitisha hewa yanaota kuvu, na sumu ya kuvu haioshwi.

Nimeiacha pareto mwisho ingawa ndiyo fahari yetu. Ua hili jeupe linastawi juu ya mita 1,700 hivi, ambako baridi ya usiku huliamsha lichanue, na ndiyo maana Umalila na Mufindi wanalilima na kiwanda cha kulisindika kipo Mafinga. Pirethrini iliyomo, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa ua kavu, huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, akaanguka mara moja. Ile permethrini ya kwenye pakiti ilibuniwa Rothamsted, Uingereza, mwaka 1973, na kikosi cha Michael Elliott, kwa kufuata umbo la pirethrini hiyohiyo. Maua yetu yanasafirishwa kwenda nje, na wakulima wetu wanarudi dukani kununua mwigo wake.

Hata hivyo ua lenyewe lina udhaifu ambao mwigo ulikusudiwa kuuondoa. Mwanga wa jua unaivunja pirethrini haraka, na mdudu aliyepata dozi ndogo huanguka kisha akaamka, kwa kuwa mwili wake unaiyeyusha sumu. Viwandani huongezwa piperonili butoksaidi kuzuia hilo, nyumbani huna. Basi tumia pareto mahali penye giza na kwa kazi ya muda mfupi: unga wa maua yaliyokaushwa upesi na kusagwa karibuni, kwenye nyufa za kitanda cha kunguni, chini ya mkeka wenye viroboto. Jifunge kitambaa puani unaposaga, na mwenye pumu asisage. Maji ya kuoshea vyombo vyake yasifike mtoni wala kwenye bwawa la samaki, na paka afukuzwe chumbani.

Utupa unahitaji tahadhari kubwa zaidi. Wavuvi wa zamani waliutumia kulewesha samaki, na hiyo peke yake ingetosha kutuonya. Una rotenoni na jamaa zake, zinazozima chembe za mwili zisitengeneze nguvu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa panya waliopewa rotenoni kwa muda mrefu walipata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson. Kwa dawa ya kunyunyizia shambani, ambayo watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha wameipima kwenye maharage, unafaa ukichanganywa na sabuni kidogo, maana rotenoni haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Lakini kwenye chakula cha ndani ya nyumba siushauri. Tena si kila utupa una dawa: uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulikuta Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya Songwe, miti ya namna mbili inayofanana kwa macho, mmoja hauna rotenoni kabisa. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama, wala hakukifanyi kiwe na nguvu.

Msimu huu wa mavuno, pukuchueni mahindi yote, pimeni ukavu kwa chumvi, na mbegu ya maharage muitenge kwenye ndoo isiyojaa. Mwenye vidonge vya gesi ndani asivitupe chooni wala asivimwagie maji, maana maji ndiyo yanayovichochea. Avipeleke vikiwa vimefungwa kwa afisa ugani wa kata, aelekezwe namna ya kuviondoa. Na madiwani wa Mbeya Vijijini, Kilolo na Mufindi, tunaomba bajeti ya ugani ijayo iwe na mafunzo ya hifadhi kwa kila kijiji kabla ya Juni, kwa sababu Juni ndiyo mwezi gunia linaingia chumbani.