Asubuhi Njema, Jioni Hafifu: Filamu ya "Bluebeard's Eighth Wife"

Nyota njema huonekana asubuhi, husema wahenga. Filamu ya Kimarekani iitwayo Bluebeard's Eighth Wife, iliyotolewa mwaka 1938, yatuonya tusiitumie methali hiyo pasipo hadhari. Mwongozaji wake ni Ernst Lubitsch. Watungaji ni Charles Brackett na Billy Wilder. Wachezaji ni Gary Cooper, Claudette Colbert na David Niven. Ujuzi haukukosekana. Kilichokosekana ni kitu kingine.

Kisa chaanzia dukani, katika pwani ya kusini ya Ufaransa. Tajiri Michael Brandon ataka nguo za kulalia, lakini shati tu bila suruali. Muuzaji hathubutu; ombi lapanda kutoka mkubwa hadi mkubwa mpaka lamfikia mwenye duka, naye akataa katakata. Ndipo Nicole ajitokezapo kuinunua suruali. Kicheko hapa chazaliwa na jambo lenyewe: vazi moja lililogawanywa latujulisha watu wawili na kuwakutanisha.

Kasoro yaanza ndoa inapokaribia. Nicole apata habari kwamba Brandon amekwisha oa mara saba, na kwamba mke aachwaye hulipwa fedha kwa mkataba. Adai maradufu, aolewa, kisha amnyima mumewe unyumba. Brandon asoma tamthilia ya Shakespeare juu ya kufugwa kwa mke mkaidi, aenda kumpiga Nicole kofi, naye arudishiwa kofi. Vituko vyazidi, lakini tabia hazikui.

Tulinganishe na It Happened One Night ya mwaka 1934, ambamo Colbert huyu huyu acheza na Clark Gable. Humo pia mna magomvi. Lakini blanketi litundikwalo kati ya vitanda viwili labadilika maana kadiri nyoyo zibadilikavyo, hata kuanguka kwake kukawa ndio mwisho wa kisa.

Yaweza kudaiwa kwamba sura ya Cooper, iliyojaa unyofu, haimfai mume wa wake wanane. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mchezaji hukopa nafsi kwa mtungaji, na Brandon amepewa hesabu ya wake bila kupewa moyo. Kwa hiyo mapatano ya mwisho, naye amefungwa mikono katika nyumba ya wagonjwa, yaletwa na haja ya kumaliza hadithi tu. Ugomvi usiowafunza wagombanao waweza kuchekesha kwa dakika chache. Hauwezi kuibeba filamu nzima.